Tamthilia mpya: uione ukumbini, uisome barazani au uitazame simuni?

Tamthilia ikishasomeshwa darasani miaka mitano haina siri tena. Mwongozo umeandikwa, maudhui yamepangwa kwa nambari, na kila mtahiniwa anajua nani mhusika mkuu na nani msaidizi. Tamthilia mpya haina ulinzi huo. Hakuna aliyekutangulia kukwambia inahusu nini, hakuna aliyekupigia mstari chini ya maneno ya maana, na huenda mtunzi mwenyewe bado anaibadilisha. Kwa hivyo namna utakavyokutana nayo mara ya kwanza ina uzito kuliko ilivyo kwa kazi kongwe. Ukikutana nayo vibaya utaiacha, na hakuna mwalimu atakayekulazimisha kuirudia.

Hapa Mombasa, anayetaka kuzijua kazi za watunzi walio hai ana njia kama nne: kwenda ukumbini, kununua kitabu akasome peke yake, kukaa na wenzake wakasoma kwa sauti, au kutazama rekodi. Iko na ya tano, tamasha la drama la shule, ambayo watu wazima huisahau. Nitazilinganisha, lakini sitajifanya sina upande. Kwangu ukumbi ni wa kwanza kila unapopatikana. Usipopatikana, kusoma kwa sauti kwa kikundi. Rekodi ifuate. Na kusoma peke yako kuje mwisho kabisa, kama marudio. Najua mpango huu utawakera baadhi ya walimu wa fasihi, basi nitaeleza.

Ukumbini

Mchezo mpya una kitu kimoja kisichorudi: hujui kitakachofuata. Ukikisoma kitabu kwanza, umekitumia kitu hicho ukiwa peke yako kwenye kochi. Ukienda ukumbini bila kusoma, unakitumia pamoja na watu mia, na hapo ndipo mtunzi alipotaka kitumike. Mtunzi wa riwaya humwandikia mtu mmoja aliyetulia. Mtunzi wa tamthilia huwaandikia watu walioketi bega kwa bega, wanaosikiana wakivuta pumzi. Anajua kwamba kicheko cha mstari wa tatu kitamfanya mtu wa mstari wa nane aone haya kwa jambo lililomchekesha yeye pia. Hakuna ukurasa unaoweza kukuonyesha hilo.

Na hadhira ya Mombasa haikai kimya. Watu hapa wamelelewa na ngoma za harusi, na mashairi ya kujibizana, na taarabu ambayo mtu akipigwa na ubeti huinuka kwenda kutunza. Mhusika akisema uongo jukwaani, yuko mama nyuma atakayemjibu, "Muongo mkubwa we!" Wapo wanaoona huo ni utovu wa adabu. Mimi naona ndiyo heshima kubwa anayoweza kupewa mtunzi mpya, kwa sababu papo hapo anajua mstari wake umefika au umeanguka njiani. Waigizaji wazuri hungoja sauti ile ipite, kisha huendelea. Wasio na uzoefu hupigana nayo.

Kumbi nazo hazifanani, na ni vyema kujua ni mchezo wa aina gani kabla ya kukata tiketi. Little Theatre Club, upande wa Mama Ngina Drive, ni ukumbi mdogo wa ndani. Mchezo wa watu wawili watatu katika nyumba moja, wa maneno ya chini chini na vituo virefu, mahali pake ni hapo. Ukikaa karibu unaona kidole kinachotetemeka juu ya kikombe. Uwanja wa wazi unataka kazi nyingine. Ule wa Swahilipot, kituo cha vijana cha sanaa na teknolojia jirani na Fort Jesus, au jukwaa la Mama Ngina Waterfront, bustani iliyozinduliwa baada ya ukarabati mwaka 2019, unataka ngoma, kundi kubwa, mbio na sauti ya kifuani. Upepo wa bahari hubeba nusu ya sentensi, na mchezo wa mnong'ono unapotea kabla haujafika safu ya nne. Nimeona watu wakilaumu mchezo kwa kosa la uwanja. Kama tangazo linasema ni mchezo wa familia moja, tena uko nje, fika mapema ukae mbele. Na mwezi wa Mei, masika ikiwa imeshika, usilipie onyesho la uwanja wa wazi kabla ya kuuliza mvua ikinyesha watahamia wapi.

Jambo la saa halisemwi, nalo huamua mengi. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, likiwahi au likichelewa kidogo. Onyesho lililotangazwa kuanza saa hiyo litaanza na viti vitupu, kwa kuwa nusu ya hadhira iko kwenye magharibi, kisha watu wataingia kwa mafungu huku sehemu ya kwanza ya mchezo ikiendelea. Katika mchezo mpya, sehemu hiyo ya kwanza ndiyo inayokupa majina, udugu na ugomvi. Ukiikosa umeukosa mchezo. Maonyesho ya saa nane alasiri au saa mbili usiku, baada ya isha, hukaa vizuri zaidi. Mkaazi wa Likoni afikirie na kurudi: feri haimtozi anayevuka kwa miguu, lakini upande wa pili matatu za kwenda mbali hupungua usiku ukiingia. Kwa watu wa ng'ambo ile ningesema alasiri bila kusita.

Halafu kuna swali la siku. Kwa mchezo wa zamani siku haina maana sana. Kwa mchezo mpya ina maana kubwa. Usiku wa kwanza mistari bado mibichi, waigizaji wanajua maneno lakini hawajajua pumzi, na mtunzi mara nyingi ameketi nyuma akiandika katika daftari. Usiku wa mwisho kasi imekaa, vituo vimepatikana, na pengine kipande kizima kimeshaondolewa. Michezo mingi mjini huonyeshwa wikendi moja tu. Anayeenda mara moja aende Jumamosi. Lakini anayependa kujua tamthilia inavyoumbwa aende Ijumaa, na kama imemgusa, arudi Jumapili asikilize kilichobadilika. Ni shule ambayo kitabu hakiwezi kukupa.

Ukiwa pale, mtazame asiyesema. Mtunzi mzuri humweka mtu jukwaani kwa sababu, hata kama hana mstari mmoja kwa dakika kumi. Mama anayekunja nguo wakati baba na kijana wanagombana huenda ndiye mchezo wenyewe. Sikiliza pia mahali watu wanapoanza kukohoa na kusogeza viti: hapo pana sentensi zilizozidi. Na uwe mkali zaidi kuhusu mwisho. Watunzi wetu wengi walilelewa na darasa, na darasa linapenda maudhui yaliyo wazi, basi mchezo uliokwenda vizuri saa nzima na nusu hufungwa kwa hotuba. Mhusika anasimama mbele, taa inamfuata, anatueleza tulichokwisha kukiona. Mchezo unaothubutu kuzima taa bila hotuba, mimi huupigia makofi hata kama ulichechemea katikati.

Kitabuni, peke yako

Wanaotetea kusoma kwanza wana hoja, nami naiheshimu. Kitabu kinakupa maelekezo ya jukwaani kama mtunzi alivyoyaandika, kabla mwelekezi hajayapindua. Kinakuruhusu kurudi nyuma. Bei yake hapa ni chini ya shilingi 1,000 kwa tamthilia nyingi za Kiswahili, nacho kinabaki nyumbani. Kwa mchezo wenye majazi (majina yanayobeba tabia ya mhusika), lugha nzito na kinaya cha mbali, msomaji mtulivu atayapata mambo ambayo ukumbini yangempita.

Lakini tuchukue mfano mmoja na kuuweka huku na huku. Kigogo ya Pauline Kea, iliyosomwa na kizazi kizima cha watahiniwa wa KCSE kabla ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kuchukua nafasi, inafunguka katika karakana ya soko la Chapakazi. Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Kitabuni, kazi ile ya kuchonga ni maneno machache ya maelekezo. Msomaji anayapitia kwa sekunde mbili, kisha anafuata mazungumzo, na baada ya kurasa mbili amesahau kama watu hawa wana patasi mikononi. Jukwaani kelele ya patasi haikuachi. Inakaa chini ya kila neno. Mmoja akiacha kuchonga ili ajibu, unajua swali limemchoma. Mmoja akizidisha kasi, unajua hataki kusikia. Na Sudi, anayetakiwa na utawala wa Majoka achonge kile asichoamini, unamwona akiwa na mikono inayofanya kazi na moyo unaokataa, katika mwili mmoja, kwa wakati mmoja. Msomaji hupewa vitu hivyo kimoja baada ya kingine. Ukumbi unavitoa vyote pamoja.

Kuna na hili la duka la vitabu. Tamthilia zinazochapishwa nchini kwa wingi ni zile zenye matumaini ya kuchaguliwa shuleni. Wachapishaji nao wanakula, siwalaumu. Lakini anayezijua tamthilia mpya kwa njia ya rafu pekee anaona kipande kilichochujwa kwa jicho la mtihani: lugha safi, urefu wa kadiri, maudhui yanayoweza kuulizwa swali la alama 20. Michezo inayothubutu, ya lugha ya mtaani au ya mada zisizofaa darasani, mara nyingi inabaki kwenye karatasi za mazoezi ya kikundi na kuishia hapo.

Kusoma peke yako kunafaa kwa kazi iliyokwisha kukaa katika mazungumzo ya watu. Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa, kilitoka 1981, na mwaka uliofuata serikali ikamweka mtunzi wake kizuizini. Anayekisoma leo chumbani hayuko peke yake. Yuko na miaka zaidi ya 40 ya maneno ya watu kuhusu wafanyakazi wale wa shamba la mlowezi na Lanina anayewaongoza, na yuko na yaliyompata mtunzi. Mambo hayo yanasoma pamoja naye. Tamthilia ya mwaka huu haina kampani hiyo, kwa hivyo lazima uitafutie.

Barazani, kwa sauti

Hii ndiyo njia ninayoitetea kwa nguvu zaidi, kwa sababu inadharauliwa na kwa sababu inaufaa mji huu. Mombasa ni mji wa baraza. Watu kukaa nje jioni, muuza kahawa akapita na vikombe vyake, mmoja akasoma na wengine wakasikiliza na kupinga, si jambo linalohitaji kufundishwa hapa. Tamthilia inaingia humo bila hodi.

Muwe watano hadi wanane. Mmoja asome maelekezo ya jukwaani na asiwe na mhusika mwingine. Sauti yake ndiyo taa yenu, milango yenu na pazia lenu. Wahusika wadogo wagawiwe wachache wachache. Ikiwa kati yenu kuna aliyekwisha kukisoma kitabu, mpeni huyo maelekezo, asije akasoma mhusika kwa sauti ya mtu anayejua mwisho. Na msiigize. Hili ndilo gumu, maana kila kikundi kina mtu anayetaka kulia machozi ukurasa wa pili. Someni kwa sauti ya kawaida na kwa kasi ya mazungumzo, maneno yafanye kazi yao yenyewe. Mkisimama kujadili kila baada ya ukurasa mchezo unakufa, basi mjadala ungoje mapumziko.

Ukurasa mmoja huchukua kama dakika mbili. Tamthilia ya kurasa 80 ni saa mbili na nusu hivi, na katikati mpumzike, chai na viazi karai. Baada ya mapumziko, badilishaneni. Mpeni mhusika mkuu msomaji mwingine, hasa wa rika au jinsia nyingine. Maneno ya baba mkali yakianza kutoka kinywani mwa binti wa chuo, nyote mtasikia upya: pale alipokuwa na haki, na pale alipokuwa akitisha tu. Katika Bembea ya Maisha, kwa mfano, mzigo wa kumuuguza Sara unamwangukia bintiye Neema, na ndoa ya Neema na Bunju inaubeba mvutano huo. Mkisoma zamu mbili, wa kwanza kijana na wa pili mtu wa makamo aliyewahi kuuguza mzazi, hamtasikia Neema mmoja.

Faida kubwa ya njia hii, ambayo hata ukumbi hauipiti, ni kwamba mtunzi anapimwa mdomoni. Sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya jicho hukwama. Msomaji anarudia, anakosea tena, wenzake wanacheka. Sentensi ya jukwaa hupita kama mtu anayejua njia ya kwao usiku. Baada ya kurasa 20 mtakuwa mmeshajua kama mtunzi huyu ana sikio. Na wasomaji wa Mvita wataanza kusema ndoo palipoandikwa njoo, na ndia palipoandikwa njia, bila kujijua. Msiwasahihishe. Mhusika aliyekuwa hana kwao tayari amepata mtaa.

Ina mapungufu, bila shaka. Mchezo wa ngoma na miili hauwezi kusomwa barazani, mtabaki na "wanacheza kwa muda" na kutazamana. Msomaji mwenye sauti kubwa huwafunika wengine. Na kila msomaji anahitaji nakala yake, jambo linalowasukuma watu kwenye fotokopi. Naomba hapa tuwe waungwana. Mtunzi mpya hana pato jingine kutokana na kazi ile isipokuwa nakala hizo. Vitabu vinne kwa watu wanane, wawili wawili, vinatosha. Kusoma sebuleni hakuhitaji idhini ya mtu, lakini mkianza kualika watu wa nje na kutoza kiingilio, hilo ni onyesho, na mtunzi au mchapishaji wake lazima aombwe. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo kwa tamthilia ya leo hakuna la kujadili.

Simuni na kwenye skrini

Rekodi ina kazi moja inayoifanya vizuri: kukuletea kile ambacho hakitakuja Mombasa. Chukua Barber Shop Chronicles ya Inua Ellams, mtunzi aliyezaliwa Nigeria na anayeishi Uingereza. Ilianza kuonyeshwa National Theatre ya London mwaka 2017, nayo inapita siku moja katika maduka ya kinyozi ya London, Lagos, Accra, Kampala, Johannesburg na Harare. Mei 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, National Theatre iliiweka YouTube bure kwa wiki moja. Mwanamume yeyote wa Majengo au Kisauni anayejua ni mambo gani huzungumzwa kwa kinyozi, na ni yapi hunyamaziwa, angejiona mle ndani. Bila rekodi asingeiona kamwe.

Lakini mchezo huohuo unaonyesha kikomo cha rekodi. Kabla haujaanza, waigizaji huwa wako jukwaani na muziki, wanazungumza na watu, wanawapandisha kuketi kwenye viti vya kinyozi. Kufikia taa zinapobadilika hadhira tayari imo ndani ya duka. Mwenye simu anatazama watu wengine wakikaribishwa. Halafu kamera inamchagulia. Nilisema umtazame asiyesema. Katika rekodi huwezi, kwa sababu kamera inamfuata asemaye.

Ukichagua njia hii, itazame na wenzako, kwenye skrini kubwa kuliko kiganja, na msiisimamishe. Ukisimamisha mchezo ili ujibu ujumbe, umeuvunja mahali ambapo mtunzi hakuweka kituo. Tangu Desemba 2020 National Theatre ina huduma ya kulipia kwa michezo yake iliyorekodiwa. Pimeni gharama pamoja na bando, mgawane. Vipande vya dakika moja vinavyozunguka mitandaoni sivihesabu hata kidogo. Havikufundishi mchezo, vinakufundisha kelele yake.

Tamasha la shule, na maonyesho ya vitabu teule

Watu huchanganya vitu viwili hivi, navyo vinakwenda njia tofauti kabisa. Vikundi vinavyozunguka na maonyesho ya vitabu teule, yaani vile vilivyochaguliwa kwa mtihani, huonyesha kazi inayojulikana, iliyofupishwa, kwa jicho la mtihani. Mtahiniwa aende. Atakumbuka majina, atatofautisha wahusika, na swali la dondoo litamjia na sura ya mtu. Lakini asiyekuwa na mtihani hana la kutafuta hapo kama haja yake ni tamthilia mpya.

Tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza 1959, ni kinyume chake. Kila mwaka kazi mpya huandikwa kwa ajili yake, nyingi hazichapwi kamwe, na mara nyingine ndizo zinazotikisa nchi. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa shule ya wasichana ya Butere ulipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Aprili 2025 shule hiyohiyo, kwa kalamu ya mtunzi yuleyule, Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, ilifika Nakuru na Echoes of War. Mahakama tena iliamuru waonyeshe. Polisi walirusha vitoa machozi nje, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani. Mamilioni ya Wakenya walibishana juu ya mchezo ambao hawakuuona, na ambao hawakuweza kuununua dukani. Mimi sijui hoja nzuri kuliko hiyo ya kumtoa mtu nyumbani akaone mwenyewe.

Nawe huna haja ya kungoja fainali. Mashindano huanzia kaunti ndogo, yakapanda kaunti, kisha kanda, muhula wa kwanza, kabla ya fainali ya kitaifa ya Aprili. Katika ngazi za chini hapa Pwani utakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini mwa shule na kuona michezo mitano sita kwa siku moja. Mingine itakuwa dhaifu: sauti za juu mno, seti nzito kuliko maneno, walimu walioandika kwa haraka. Mmoja utakufanya usahau kiti. Waliozoea ukumbi wa taa nzuri hawatapendezwa na purukushani za kuingia na kutoka. Kwa ninavyoona, hakuna mahali pengine mjini pa kuona kazi mpya nyingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Basi wewe uchague ipi

Mzazi mwenye mtahiniwa: kikundi cha vitabu teule kwanza, kisha kusoma kwa sauti nyumbani, yeye akisoma na nyinyi mkisoma naye. Msimwachie kazi hiyo peke yake na mwongozo. Mwalimu wa fasihi anayetaka kujua uandishi unaelekea wapi: tamasha, kila mwaka, na daftari.

Mwenye kazi ya zamu bandarini au hotelini, ambaye Jumamosi si yake: baraza la kusoma, maana siku mnaipanga nyinyi. Anayelea watoto wachanga vivyo hivyo. Rekodi iwe ya usiku ambao watu wamekosekana.

Anayeandika, au anayetaka kuandika, hana budi kuzifuata zote, lakini kwa mpango: ukumbini bila kusoma, kisha kwa sauti na wenzake kama andiko linapatikana, kisha peke yake na kalamu. Atashangaa ni mangapi aliyoyadhania ya mtunzi kumbe ni ya mwigizaji, na ni mangapi aliyoyadhania ya mwigizaji kumbe yalikuwa yameandikwa.

Na mwenye pesa ya tiketi moja tu mwaka huu, mbele yake kuna mchezo wa mtunzi asiyejulikana na mchezo wa vichekesho uliokwisha kujaza kumbi Nairobi? Aende kwa yule asiyejulikana. Vichekesho vitarudi, kwa sababu vina soko. Yule mwingine, safu tatu za kwanza zikibaki tupu usiku wa pili, huenda asionyeshe tena. Ukitoka nje na mtunzi yuko mlangoni akisalimia watu, usimwambie tu kwamba ulifurahi. Muulize ni kipande gani alikikata wiki ya mwisho ya mazoezi, na kwa nini, kisha msikilize mpaka amalize.